Miaka Sita na Bima ya Afya ya Kimataifa: Uzoefu Wangu Nikiwa Mstaafu Ugenini

Nilistaafu nikiwa na umri wa miaka 61, nikahamia nchi ambayo si ya uraia wangu, na mwezi huohuo nikakata bima ya afya ya kimataifa kwa ajili yangu na mke wangu. Sasa tumemaliza nayo miaka sita. Kampuni yenyewe sitaitaja, na gharama nitazieleza kwa kipimo cha pensheni yangu ya mwezi badala ya sarafu yoyote, kwa kuwa mstaafu anayeishi ugenini hujiuliza kwanza ni sehemu gani ya pensheni inayoliwa na matibabu. Kama ningerudishwa mwanzo ningeikata tena, ila nisingeikata kwa namna nilivyoikata.

Wakala alinipa njia mbili za kuingia. Ya kwanza haikuwa na maswali mengi: unasaini, unalipa, na ugonjwa wowote uliokuwa nao kabla ya kujiunga hautagharamiwa mpaka upite miaka miwili mfululizo bila dalili, bila dawa na bila ushauri wa daktari kuhusu ugonjwa huo. Ya pili ilitaka tujaze dodoso refu la afya na kuambatanisha taarifa za hospitali za miaka iliyopita, kisha kampuni iamue itakubali nini na kwa bei gani. Njia ya kwanza ilivutia kwa wepesi wake, lakini mimi nina shinikizo la damu na ninameza kidonge kila asubuhi, maana yake kila kidonge kingeanzisha upya hesabu ya ile miaka miwili na ugonjwa huo usingegharamiwa maisha yangu yote. Nilichagua dodoso, nikaandika kila kitu, hata upasuaji mdogo wa ujanani ambao nilikuwa nimeshausahau, na kampuni ikanikubali kwa nyongeza ya asilimia 15 juu ya ada yangu. Wakati ule niliona nimeonewa. Leo naona kwamba hakuna fedha niliyoilipa ikanifaa kuliko ile, kwa sababu baadaye hakuna aliyeweza kunigeuka akasema nilificha ugonjwa.

Kosa langu lilikuwa katika aina ya mkataba. Nilichukua ule mpana kuliko yote, unaolipia kulazwa, kumwona daktari bila kulazwa, dawa, meno na macho, bila sisi kuchangia chochote tunapotibiwa. Ada yetu sote wawili ilikuwa asilimia 24 ya pensheni yangu katika mwaka wa kwanza na asilimia 26 katika mwaka wa pili. Tulichokipata katika miaka hiyo miwili ni kulipiwa vitu vidogovidogo, na kila kitu kidogo kilikuja na karatasi zake.

Madai yangu ya kwanza yalikataliwa. Nilikuwa nimekwenda kupimwa damu na figo, jambo ambalo daktari huliagiza kwa mtu mwenye shinikizo la damu, na katika kisanduku cha sababu ya vipimo daktari akaandika kwa mwandiko wa haraka kwamba ni uchunguzi wa jumla. Kampuni ikajibu kwamba uchunguzi wa jumla haumo katika mafao ya mwaka wa kwanza. Nilirudi kliniki na fomu ileile, nikamweleza daktari tatizo, naye akafuta mstari wake, akaandika I10, akagonga muhuri pembeni ya marekebisho, na fedha zikaingia baada ya siku tisa. Hiyo I10 ndiyo alama ya shinikizo la damu katika toleo la kumi la orodha ya kimataifa ya magonjwa inayosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Tangu siku ile siondoki dirishani bila kuhakikisha kwamba ankara ina jina la ugonjwa, alama yake, tarehe ya huduma na mchanganuo wa kila kipimo. Wahasibu wa kliniki yetu wameshanizoea, nadhani kwa kero zaidi kuliko kwa mapenzi.

Mwishoni mwa mwaka wa pili mke wangu aliketi na risiti zote, akajumlisha kile tulicholipiwa, akakilinganisha na ada, kisha akasema, "Tunailipa kampuni itushikie fedha zetu wenyewe." Alikuwa na haki. Huduma ndogo zinazotabirika, kama vidonge vya kila mwezi na vipimo vya kila nusu mwaka, hazina bahati nasibu ndani yake. Kampuni inajua zitakuja, inazipigia hesabu na kuongeza gharama yake ya kushughulikia karatasi. Kinachoweza kumfilisi mstaafu ni kulazwa, upasuaji, saratani, kiharusi. Kwa hiyo tulipohuisha mkataba tuliondoa huduma za nje (yaani matibabu bila kulazwa), meno na macho, tukabaki na kulazwa na matibabu ya saratani, na tukakubali kiasi cha kujigharamia, yaani fedha ambayo mteja hulipa mwenyewe kwanza katika mwaka kabla kampuni haijaanza kulipa. Tulichagua kiasi kilicho sawa na pensheni ya mwezi mmoja na nusu kwa kila mtu. Ada ilishuka hadi asilimia 16, wakati ule mkataba mpana ungepanda hadi 28.

Hapa ndipo nidhamu inapotakiwa, na sitajifanya kwamba ilikuwa rahisi. Tofauti ya asilimia 12 ilikuwa ikihamishwa kila mwezi kwenda akaunti ya pekee tuliyoiita mfuko wa matibabu, kwa agizo la kudumu benki, kabla sijaigusa. Kwa mwaka ilifika karibu pensheni ya mwezi mmoja na nusu, na katika hiyo tulitumia takriban nusu mwezi kwa dawa na kliniki. Naonya jambo moja: mkataba wetu unaruhusu kupandisha kiasi cha kujigharamia wakati wowote wa kuhuisha, lakini kukishusha ni lazima ujaze dodoso la afya upya. Anayetaka kujaribu kiasi kikubwa afahamu kwamba huenda asiweze kurudi.

Mtihani ulikuja mwishoni mwa mwaka wa nne. Nilianza kuumwa tumbo upande wa kulia usiku, maumivu yakafika begani, na kipimo cha mawimbi ya sauti kikaonyesha mawe katika kifuko cha nyongo. Daktari aliamua kwamba kifuko kitolewe ndani ya juma. Kwa kuwa haikuwa dharura ya saa ileile, mkataba ulidai kibali cha awali, na hospitali, ingawa ilikuwa katika orodha ya zile zinazolipwa moja kwa moja, haikuwa tayari kunipa kitanda bila barua ya dhamana ya malipo. Tulikaa mapokezi saa sita, mfuko wa nguo miguuni, huku karani wa hospitali akimwambia mke wangu kwamba kampuni haijajibu na kampuni ikimwambia kwenye simu kwamba hospitali haijatuma picha ya kipimo. Hatimaye mke wangu aliipiga picha hiyo karatasi kwa simu yake, akaituma mwenyewe kwa baruapepe, na barua ikafika baada ya dakika arobaini. Hospitali ilikuwa imetuma kila kitu, lakini kwa namba ya mkataba iliyokosewa tarakimu moja.

Gharama yote ilifika pensheni ya miezi tisa. Sisi tulilipa ule mwezi mmoja na nusu kutoka kwenye mfuko, ukabaki na kidogo, na kampuni ikailipa hospitali sehemu iliyosalia bila mimi kuona ankara. Hilo ndilo nililokuwa nimelipia miaka yote minne, na katika hilo sina lawama.

Lawama yangu ni ya vipimo vya maandalizi, ambavyo nilivilipia kwa mkono siku moja kabla ya kibali kutolewa. Kampuni ilikataa kuvirejesha kwa hoja ya tarehe. Nilikata rufaa kwa maandishi, nikanukuu kifungu cha mkataba kinachosema kwamba vipimo vinavyohusiana na kulazwa vinagharamiwa hata vikifanyika siku chache kabla, na baada ya majuma 11 wakakubali. Lakini mkataba unatumia kiwango cha kubadilisha fedha cha siku madai yanapoidhinishwa, si cha siku niliyolipa, na katika majuma hayo sarafu ya nchi ninamoishi ilikuwa imeshuka thamani. Nilirejeshewa pungufu ya nilichotoa. Mazoezi ya viungo niliyofanya baada ya kutoka hospitali hayakulipwa kabisa, ila hayo ni kosa langu, maana ni huduma ya nje na mimi ndiye niliyeiondoa.

Mwaka wa tano nilifikisha miaka 65 na ada ikaruka kutoka asilimia 17 hadi 21. Niliandika barua ya kulalamika nikidhani ninaadhibiwa kwa sababu ya upasuaji. Jibu lilikuwa la heshima na la wazi: bei haitegemei madai ya mtu mmojammoja, inategemea kundi la umri, na makundi hubadilika kila baada ya miaka mitano. Lilikuwa limeandikwa katika jedwali la mkataba ambalo sikulisoma siku ya kusaini, kwa kuwa nilitazama bei ya umri wangu tu. Ningemshauri yeyote aombe jedwali zima hadi umri wa miaka 80, na aulize kwa maandishi kama kampuni inaahidi kuhuisha mkataba maisha yote au ina umri wa ukomo.

Kilichokaribia kuniangusha, hata hivyo, hakikuwa ugonjwa. Mfuko wangu wa pensheni hudai kila mwaka hati ya kuthibitisha kwamba ningali hai, iliyosainiwa mbele ya ofisa anayetambulika. Mwaka jana hati ilichelewa katika posta, na pensheni ikasimamishwa kwa miezi miwili. Siku ya kulipa ada ikapita nikiwa nasubiri. Mkataba unatoa siku 30 za ziada, na nililipa siku ya 26 kwa fedha za mfuko wa matibabu. Ningelala siku nne zaidi mkataba ungekufa, nami nikiwa na miaka 66, shinikizo la damu na kovu jipya tumboni, ningelazimika kuomba upya kama mgeni. Kwa mtu wa umri wangu, bima yenye kasoro lakini isiyokatika inazidi thamani bima nzuri ambayo atalazimika kuiomba tena.

Jambo hilo lilinifanya nipange upya fedha zote. Nilipostaafu nilikuwa nikifuata kanuni ya kutoa asilimia 4 ya akiba katika mwaka wa kwanza na kuongeza kiasi hicho kwa mfumuko wa bei kila mwaka, hesabu iliyochapishwa na mshauri wa fedha William Bengen mwaka 1994. Ni hesabu ya heshima, lakini ilijengwa juu ya historia ya hisa na hati fungani za Marekani na mfumuko wa bei wa Marekani, kwa mtu anayetumia sarafu ileile anayowekeza. Mimi napokea pensheni kwa sarafu moja, nanunua mahitaji kwa nyingine, na ada yangu ya bima imekuwa ikipanda haraka kuliko bei za vitu vingine. Sasa ada naiweka nje ya asilimia 4 kama deni lililotangulia, na mfuko wa matibabu unakaa katika sarafu ileile ya mkataba. Pensheni naihamisha mara nne kwa mwaka badala ya kila mwezi, baada ya kugundua kwamba makato yaliyotajwa kwenye risiti yalikuwa madogo kuliko yale yaliyofichwa ndani ya kiwango cha kubadilisha fedha.

Wapo wanaoniambia kwamba wao hawahitaji haya kwa kuwa nchi yao itawatibu. Wachunguze kwanza. Bima ya wazee ya Marekani, Medicare, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya nchi hiyo isipokuwa katika hali chache, na anayechelewa kujiunga na sehemu yake ya pili (Part B, inayolipia madaktari na matibabu bila kulazwa) bila sababu inayokubalika huongezewa asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza hutolewa kwa misingi ya ukazi, si uraia wala kodi zilizolipwa zamani, na pensheni ya serikali ya huko haipandi kila mwaka kwa mstaafu anayeishi Australia au Kanada.

Mengine nayataja kwa kifupi. Tumeiondoa Marekani katika eneo la mkataba na ada ikapungua sana. Usafirishaji wa dharura uliomo humpeleka mgonjwa kwenye hospitali ya karibu inayoweza kumtibu, si lazima nyumbani kwake kama wakala alivyotuacha tuamini. Huduma kwa wateja ni nzuri kwa simu na mbovu kwa baruapepe.

Fomu ya mwaka wa saba niliirudisha jana. Nimeacha mafao na kiasi cha kujigharamia kama vilivyokuwa, nikabadilisha kisanduku kimoja tu: ada haitakatwa tena kwenye akaunti inayopokea pensheni, itakatwa kwenye mfuko wa matibabu, ambamo ada ya mwaka mzima imeshawekwa.