Kabla hujanunua dawa ya kung'arisha meno, iguse kwanza

Unga mweusi wa mkaa niliununua Mwanjelwa mwezi wa sita, shilingi 12,000, kwa kijana aliyekuwa akijisugulia mwenyewe mbele ya wateja. Weusi wa chai ulitoka, sikatai. Wiki ya tatu nikawa siwezi kusukutua kwa maji ya bomba, na maji ya Mbeya mwezi wa sita mnayajua yalivyo baridi. Ganzi ilipanda mpaka sikioni.

Wanunuzi huuliza ladha na povu. Mimi sasa nauliza kitu kimoja tu: inakwaruza kiasi gani? Gamba la jino likishalika halioti tena, na chini yake kuna dentini, ambayo ni ya njano. Yaani unasugua uwe mweupe, unazidi umanjano, na jino lililokwaruzika linashika chai upya upesi. Ukali huo una kipimo, RDA, na kiwango cha kimataifa hakiruhusu kuvuka 250. Haya, zunguka maduka ya Kabwe ukatafute boksi lililoandikwa namba hiyo! Ndiyo maana naweka tone mgongoni mwa CD ya zamani, nasugua kwa kidole, naangalia michoro.

Haya, orodha yangu ya kung'arisha meno. Ya kwanza huipati dukani: kutolewa ukoga na daktari wa meno. Madoa mengi ya chai na kahawa huondokea hapohapo.

Ya pili ni Sensodyne ya kawaida, dawa ya meno yenye ganzi. Naipendelea, nakiri. CD yangu haikuchorwa, na ganzi imepungua. Bei yake ndiyo inauma.

Ya tatu, jeli za peroksidi, kemikali ya kupausha. Hizi hubadilisha rangi ya jino lenyewe, ila jino lililozibwa litabaki na rangi yake. Kama kiasi cha peroksidi hakijaandikwa, rudisha.

Whitedent na Colgate za kawaida zinafaa kwa kila siku, basi. Ndimu na bekingi soda, acha; asidi inakula jino.

Chai ya Tukuyu siachi, ila naitia maziwa, kwani hupunguza madoa.

Sasa mswaki laini. Maduka manne, kote nyuzi ngumu kama ufagio wa chelewa, na muuzaji mmoja akaniambia, "Dada, laini ni wa wagonjwa." Nikanunua wa mtoto, una picha ya twiga. Ndio ninaotumia mpaka leo.