Nilibadilishiwa kioo, gari likaanza kuona majini

"Pambo." Hilo ndilo neno nililojibiwa na kijana wa mapokezi kwenye duka moja la vioo vya magari hapa Dar, mimi nimesimama mbele yake na bampa langu la nyuma limepasuka. "Hiyo kamera ni pambo tu, we mama. Izime uendelee na safari." Salamu hakutoa. Macho yako kwenye simu. Nina mtoto wa rika lake.

Haya, leo nazungumzia pambo.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, mtumba kama magari ya wengi wetu. Jina lake nalibakiza kwangu kwa sababu kosa si la waliolitengeneza, ingawa kuna siku na wao niliwatukana. Nilinunua kwa kupenda rangi. Kwamba juu kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo cha kutazamia nyuma, kuna kamera inayokodolea macho barabara ili gari likuonye au lishike breki lenyewe, nilikuja kujua gari limeshatoka bandarini. Siku ya kwanza nawasha, sauti ya dada mmoja ikanisemesha Kijapani kwa adabu kubwa. Tukadhani anasalimia. Mwanangu wa mwisho akawa anamwitikia "marahaba" kila asubuhi tukielekea shule. Baadaye ndipo nikaambiwa dada wa watu analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa. Mwanangu hakujali, anaitikia mpaka leo.

Redio nayo inaishia 90, na stesheni ninazozipenda zote ziko juu ya hapo, mpaka ufungiwe ekspanda, kile kifaa cha kuifanya redio inase stesheni za juu. Kwa hiyo msidhani nilianza na mapenzi.

Mapenzi yalikuja asubuhi moja, masika yaliyopita au ya kabla yake. Mimi ni muuguzi. Zamu ya usiku ikiisha naendesha kurudi Kibaha, na zile njia nane kutoka Kimara zimenyooka vizuri mno, na usingizi wa saa moja asubuhi hauna aibu. Nikasikia pii, pii, pii. Nimeshaukanyaga mstari mweupe wa kushoto, na mbele kidogo, pembeni, kuna lori limeharibika, halina pembe tatu, halina hata tawi la mti barabarani. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimefumba macho kidogo tu.

Tangu siku hiyo sikumruhusu mtu aseme vibaya kuhusu hiyo pii pii.

Na breki, hizi za mguuni. Marehemu baba alikuwa dereva wa malori, ndiye aliyenifundisha kuendesha, na kwenye utelezi alinifundisha kupampu: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Siku ya mvua pale mteremko wa Kimara daladala likasimama ghafla mbele yangu kupakia abiria. Nikakanyaga kwa nguvu, pedali ikatetemeka chini ya mguu kama nimesimama juu ya mashine ya kusaga. Nikajua breki zimekufa, nikaachia. Kumbe ndiyo kazi yake ile! Gari linapampu lenyewe, tena haraka kuliko mguu wa baba yangu, ili tairi zisijifunge na usukani uendelee kukutii. Unatakiwa ukandamize na usiachie. Nilisimama nikiwa nasoma jina la Mungu lililoandikwa nyuma ya ile daladala, herufi moja moja. Ningekuwa nimeelezwa mapema, ningebakiza nafasi ya mtu kupita. Magari haya tunauziwa na kitabu cha Kijapani ambacho mimi nakitumia kuzuia mlango wa jikoni.

Sasa msije mkasema nalipigia debe. Mtaani kwetu ile pii pii haina kazi, hakuna mistari ya kamera kusoma, na hata palipokuwa na rangi imeshafutika. Kwenye foleni sensa za bampa zinamlilia kila bodaboda anayejipenyeza, yaani zinalia mfululizo mpaka unaona aibu. Nikiliacha gari juani kutwa nzima, nikiwasha linaniandikia kitu kwa maandishi ya kwao. Nikaelekezea simu ikatafsiri: kamera imepata joto kupita kiasi, imejizima kwa muda. Na yenyewe inachoka. Nawasha kiyoyozi, tunapumzika wote wawili, tunaondoka. Hilo silihesabu kuwa kosa, jua la Dar mnalijua.

Kisa chenyewe ni kokoto. Tulikuwa tunatoka Tanga kwenye msiba, na pale Lugoba, wanakopondea mawe, lori lililojaa bila turubai likaturushia jiwe. Tap! Tulipofika Chalinze ufa ulikuwa umetoka upande wa dereva hadi wa abiria. Nikauliza bei sehemu tatu, nikaenda kwa hawa kwa sababu walikuwa rahisi, na hilo nalikubali, msinikumbushe.

Kioo kipya hakikuwa na kishikio cha kamera. Cha zamani kilikuwa nacho, kimegandishwa kiwandani mahali pake pale pale. Fundi akaipachika kamera kwa silikoni nyeusi, akaiegemeza kwa kidole huku anaongea na mwenzake habari za Simba na Yanga. Nikamuuliza, kaka, itakaa sawa? "Itashika." Nilimuuliza kukaa sawa, amenijibu kushika. Hapo ndipo nilipotakiwa kutoa funguo yangu na kuondoka. Nikalipa.

Hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi. Hata moja. Ingewaka ya njano ningerudi siku ile ile.

Kama wiki baadaye naelekea kazini, kati ya Baruti na Kona. Mbele yangu barabara nyeupe, hakuna mtu. Kulia, kwenye njia yake, basi la mwendokasi linapunguza mwendo kuingia kituoni. Ghafla dashibodi ikawaka nyekundu, ikapiga kelele, na gari likashika breki lenyewe. Si kupunguza mwendo: lilisimama kama limegonga ukuta, mkanda ukanikaba, pochi ikaruka chini. Nyuma yangu bajaji. Pa!

Kijana wa bajaji alishuka anatetemeka. "Mama, samahani, nisamehe mama, lakini umeona nini?" Akachungulia mbele ya gari langu. Mimi mwenyewe nikachungulia. Hakuna mbuzi, hakuna mtoto. Watu wamejaa, kuna mama wa mihogo akasema pale Kona pana mambo, si mara ya kwanza mtu kusimama hivyo. Nilitamani yawe majini kweli, ningejua pa kwenda. Yule kijana anajua aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa, akaanza kuniomba nisiite trafiki. Taa yake ya mbele imevunjika, na mimi najua moyoni kwamba hana kosa, gari langu ndilo lililosimama hewani. Nikampa elfu thelathini ya taa. Akashukuru mpaka nikaona haya.

Nikaenda moja kwa moja dukani. Ndiyo hayo ya pambo niliyowaambia. Akaongeza: "Wateja wetu wengine mbona hawalalamiki?" Halafu akamwambia mwenzake, bila kushusha sauti, kwamba wanawake na magari ya kompyuta ni shida. Kwa miaka yangu yote wodini nimetukanwa na watu wenye maumivu, nawaelewa. Huyu hakuwa na maumivu yoyote. Alikuwa kwenye feni.

Kwa hasira nikafanya alichosema. Nikaizima. Wiki mbili niliendesha gari kipofu, kama la baba, na nawaambia ukweli unaoniuma: halikutokea lolote. Nilifika kazini, nikarudi. Tena asubuhi nilikuwa nasimama Kiluvya kunywa kahawa, kitu nilichokuwa nimekiacha tangu gari lianze kunipigia pii pii. Sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa nimemwachia mtu wa kwenye kioo kazi ya kunikesha. Kwa hiyo, je, lilikuwa linanilinda au lilinifundisha uzembe? Hapo sina jibu, na kila nikifikiria nakasirika upya, na nikikasirika namkumbuka yule wa kwenye feni.

Mwenzangu wa wodini ndiye aliyenielekeza gereji moja ya Chang'ombe. Fundi kijana, amevaa miwani, akasimama, "Shikamoo mama, karibu." Nilikaribia kulia kwa hiyo shikamoo tu. Akaangalia silikoni, hakusema neno, akatikisa kichwa. Akachukua kalamu akanichorea: kamera ikipinda digrii moja tu, ukienda mita 50 mbele imekosea kwa sentimita 87. Karibu mita nzima. Yangu ilikuwa imepinda kuelekea kulia, kwa hiyo basi lililokuwa kwenye njia yake, gari liliona liko mbele ya pua yangu. "Halikuona jini, mama. Limeonyeshwa vibaya." Akatafuta kioo chenye kishikio chake, akaliweka gari sakafu iliyo sawa, akapima upepo wa tairi, akasimamisha mbele ubao wenye michoro myeusi na myeupe, akapima umbali kwa futi kamba mara tatu, ndipo akachomeka mashine kuifundisha kamera mbele ni wapi. Wao wanaita kalibresheni. Ilichukua nusu siku, na ukijumlisha kioo cha pili nimelipa zaidi ya mara mbili ya urahisi nilioukimbilia.

Ile pii pii imerudi. Juzi mtoto wa jirani alikimbilia mpira mbele yangu, gari na mimi tukakanyaga pamoja, sijui nani alianza. Nataka kusema ni mimi. Kahawa ya Kiluvya bado nakunywa.

Nyota? Gari nilitaka kulipatia tano, nikakumbuka mkanda ulivyonikaba, nikashusha hadi tatu, sasa hivi naandika niko kwenye nne. Msiniulize kesho. Gereji ya Chang'ombe, tano, na sita kwa ile shikamoo. Duka la vioo nilitaka kulipatia moja kwa sababu kioo chenyewe, tuseme haki, hakikuwa kinavuja. Naifuta. Wana kifuniko changu cha plastiki cha kamera, kile cheusi, hawakukirudisha siku ile na nimepiga simu mara nne. Mwanangu ameziba pale juu kwa gundi ya karatasi. Nakitaka kifuniko changu.