Protini bila jiko: samaki wa kopo, karanga na mtindi kwenye mizani

Shikamooni wakubwa, na wengine wote mambo vipi. Leo jiko limezimwa. Hapa mezani kuna kopo la samaki, karanga za kukaanga, siagi ya karanga, mtindi, maziwa ya unga na mayai ya kuchemsha, vyote vya hapa hapa Dodoma, kati ya Majengo na Sabasaba. Bei sitaji, maana ukitazama video hii mwezi ujao itakuwa imeshabadilika. Nakupa gramu, wewe chukua bei ya dukani kwako, gawanya kwa gramu za protini, utaona nani anakuuzia protini na nani anakuuzia pakiti.

Mtu mzima mwenye afya anahitaji walau gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Una kilo 60? Lengo lako ni gramu 48. Mjamzito na anayebeba vyuma wanahitaji zaidi.

Tuanze na kopo. Sogeza kamera hapa. Mbele limeandikwa gramu 155, na hapo ndipo wengi wanapopigwa, kwa sababu humo kuna mchuzi wa nyanya pia. Zungusha kopo, tafuta maandishi madogo ya uzito baada ya kuchuja. Namimina kwenye chujio, naliacha lichuruzike dakika mbili, naweka samaki kwenye mizani: gramu 92. Hapo una kama gramu 16 za protini. Mifupa usiitupe, imeshalainika kiwandani na ina madini ya chokaa. Kabla ya kununua, pitisha kidole kwenye mshono wa kopo. Likiwa limevimba, linavuja, au limebonyea pale kwenye mshono, lirudishe rafu. Kubonyea kidogo ubavuni si kesi. Ukishafungua na huna friji, maliza. Kubakisha nusu mpaka jioni kwa joto la Oktoba la hapa ni kujitafutia tumbo.

Karanga sasa. Gramu 100 zina protini kama 25, namba nzuri kabisa. Lakini nani anakula gramu 100? Kiganja kimoja hiki, tazama mizani, ni gramu 30. Hiyo ni protini gramu 7 au 8, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Kwa hiyo ukitaka kufika gramu 16 za lile kopo, unakula viganja viwili na zaidi, na nguvu unayoingiza mwilini inazidi kalori 350. Kwa anayelima au anayebeba mizigo, sawa. Kwa anayekaa ofisini Mtumba kutwa nzima, ahesabu. Jingine: protini ya karanga ina upungufu wa lisini, kipande cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, na ugali wa mahindi una upungufu huohuo, kwa hiyo karanga na ugali havizibani pengo. Kinachoziba ni samaki, maziwa, yai au maharage.

Na hapa Kanda ya Kati hatuwezi kuzungumzia karanga tukaruka sumukuvu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara, na ukungu unaoitengeneza unapenda karanga vilevile, hasa zilizopata ukame shambani au zilizohifadhiwa bila kukauka vizuri. Kukaanga hakuiondoi yote. Mwaga karanga kwenye sinia, kama hivi. Iliyosinyaa, toa. Yenye doa jeusi au vumbi la kijani, toa. Ukitafuna moja ikawa chungu, tema, usiimeze kwa aibu. Ndiyo sababu siagi ya karanga ya kusagwa, isiyo na lebo, naipa alama za chini: mashine ikishasaga, punje mbovu huioni tena. Nunua yenye alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, au chambua karanga zako mwenyewe kisha upeleke kusaga. Vijiko viwili vikubwa vinakupa gramu 7 hivi. Mafuta yakielea juu, koroga tu, haijaharibika.

Mtindi. Nusu lita ina gramu 16 hivi. Maji ya rangi ya manjano kwa juu ni kawaida, yakoroge. Pakiti iliyojaa hewa kama mpira ndiyo ya kukataa. Soma pia sukari: baadhi ya yogati za ladha ni pipi ya kunywa.

Ukitaka kuuongezea nguvu, chukua gramu 30 za maziwa ya unga yenye mafuta yote, utapata protini 8 zaidi. Usiyamwage yote juu ya mtindi, yatafanya mabonge. Weka unga kwenye kikombe, ongeza vijiko vitatu vya mtindi, ponda mpaka uwe kama uji mzito, kisha mimina mtindi uliobaki. Gramu 24 ndani ya dakika moja. Hakikisha lebo inasema maziwa. Unga wa kuweupisha chai ni mafuta na sukari.

Yai moja, gramu 6. Kwa muuza mayai chagua lenye ganda zima, mwambie amenye mbele yako. Kachumbari iliyoshinda juani iache.

Unga wa soya mbichi usikoroge kwenye maji ukanywa. Unahitaji moto, la sivyo vilivyomo vinazuia tumbo kusaga protini. Na ubuyu wetu, najua mtanigombeza, ni mtamu lakini protini yake ni kidogo mno.

Mshindi wangu nyumbani ni mtindi na maziwa ya unga. Safarini ni kopo, lakini lifungulie kituo cha Manyoni, si ndani ya basi. Harufu ile na vioo vimefungwa, abiria wa kiti cha pili hatakusamehe mpaka Singida.