Nimeuza bunduki zangu za zamani kupitia duka la kamisheni, haya ndo niliyoyaona

Nyota 4 kati ya 5. Ile 1 nimewanyima makusudi, sababu ntaisema.

Nilikuwa na bunduki 6 kwenye kabati la chuma na nikisema nilikuwa nazo namaanisha zilikuwa zimelala tu, ya mwisho kupigwa risasi ni zaidi ya miaka 10 nyuma, afu kila leseni ikikaribia kuisha naenda kuhuisha, nalipia vitu ambavyo hata kuviangalia siviangalii. 2 aliniachia baba mdogo, 4 nilinunua mwenyewe enzi hizo nina wazimu wa kukusanya. Watoto niliwauliza, hakuna anayezitaka, mmoja akasema baba ukiondoka ukaziacha hizo ndani unatuachia kesi, sio urithi. Usiku ule sikulala vizuri.

Duka la kwanza sitaki hata kulielezea sana, jamaa aliziangalia bila kufungua hata moja akataja bei ya zote kwa mpigo kama ananunua vyuma chakavu. Nikarudi nazo nyumbani.

Hili la pili ndo ninaloliandikia. Wao wanauza kwa kamisheni, yaani mali inabaki yako mpaka mteja apatikane, wao wanakata chao. Nilipopiga simu swali la kwanza halikuwa bunduki gani, lilikuwa karatasi ziko wapi, lete leseni tuone namba zinafanana na zilizogongwa kwenye chuma, ndo tupange siku ya kuleta silaha zenyewe. La pili wakasema usisafishe kitu chochote, sikia hapo, kitu CHOCHOTE. Mi nilikuwa nishachelewa, wiki ile ile nilikuwa nimeikwangua Winchester, ile bunduki yangu ndefu ya leva, kwa msasa laini nikaona inang'aa nikajisifu.

Siku ya ukaguzi alinipokea mzee mmoja fundi, mpole, haongei haraka. Akachukua hiyo hiyo Winchester, nikamwambia mzee hiyo haina kitu, nimeiangalia mwenyewe. Akasema sawa, akaelekeza mtutu kwenye ndoo ya mchanga, akafungua, chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kweli tupu. Ila hakuishia hapo, maana hii Winchester ni Model 94, na risasi zake zinakaa kwenye bomba refu chini ya mtutu na ukichungulia chemba hulioni bomba. Akachezesha ile leva, mkono wa chini unaoingiza na kutoa risasi, taratibu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, tap, risasi ikadondoka mezani. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama gundi, springi ikawa imekwama nayo humo miaka yote hiyo, ndani ya nyumba yenye watoto. Hakunigombeza. Aliiweka pembeni akasema tu, "mwanangu, hizi za bomba huwa zinadanganya wengi". Mi jasho lilinitoka, nikaomba kukaa. Kwa hiyo kitu kimoja tu, hata kama wangeniuzia kwa hasara, ningewapa nyota.

Baada ya hapo akaniambia ukweli wa kila moja, na ukweli wenyewe ulikuwa unauma. Hiyo Winchester kwa namba yake ni ya kabla ya 1964, mwaka ambao kiwanda kilibadilisha namna ya kuitengeneza ili kubana gharama, kwa hiyo wakusanyaji wanazitafuta sana za kabla ya hapo, tena ni ubunifu wa John Browning, mbunifu maarufu wa silaha, ulioanza kutoka 1894. Nikafurahi weee. Akageuza upande niliopiga msasa, ule weusi wa kiwandani umeondoka wote, akasema hapa ndo umefuta hela. Mtu anayekusanya anataka ngozi ya kwanza hata kama imechakaa, ukishang'arisha au ukaipaka upya haiwi tena ile ile.

Webley Mk VI, bastola ya baba mdogo, ndo ilinishangaza zaidi. Niliitunza kwenye mkoba wake wa ngozi nikijua ndo heshima, kumbe ngozi inanyonya unyevu, na dawa za kutengenezea ngozi zinakula chuma, upande mmoja umejaa vishimo vya kutu. Halafu akapima silinda, ile ngoma inayozunguka na risasi, akasema imenolewa nyuma. Hii bastola ilizaliwa inatumia risasi ya .455, wapo walionoa silinda za nyingi ili ziingie .45 ACP, aina nyingine ya risasi, na hiyo ACP presha yake ni kubwa kuliko chuma hiki kilivyokusudiwa kubeba. Baba mdogo maisha yake yote alisema haijaguswa. Namwacha apumzike na imani yake. Waliiandika wazi kwenye kadi ya mauzo kwamba imenolewa na isipigwe kwa ACP ya kawaida, bei ikashuka, na mi niliridhika maana sitaki mtu aumie mkono kwa sababu yangu.

Ile shotgani ya mitutu miwili, yenye michoro ya mawimbi kama mbao, mitutu yake ni ya Damascus, chuma na stili zilizosokotwa pamoja, ya zama za baruti nyeusi. Waligoma kabisa kuiuza kama ya kupiga. Nikakubali izimwe rasmi, yaani isiweze kupiga tena, wakashughulikia mpaka cheti. Lee-Enfield No.4, bunduki ya zamani ya jeshi, iliondoka haraka kuliko zote, bolti yake, kile chuma cha nyuma kinachofunga risasi ndani, ina namba ile ile ya bunduki na mteja alikuja analitafuta hilo hilo. Bunduki yangu ya Mauser bolti yake ni ya bunduki nyingine, namba hazioani. Ile ndogo ya .22 haina habari, ilinunuliwa na mtu anayejifunza shabaha.

Sasa nyota niliyowanyima. Mawasiliano ni sifuri, ukishawaachia mali unakuwa kama umeitupa kisimani, wiki 6 sikupata hata meseji moja, kila taarifa mpaka niipigie simu mwenyewe. Picha walizopiga ni za giza, shotgani yenyewe kwenye picha michoro haionekani na ndo kitu pekee kizuri ilichonacho. Kubwa zaidi ni kwamba kwenye hesabu ya mwisho nilikuta wamekata hela ya kutunza stoo, ambayo siku ya kwanza hakuna aliyeitaja, nikauliza wakanionyesha imeandikwa nyuma ya fomu kwa herufi ndogo kama sisimizi. Kwa hiyo ukienda, geuza fomu. Kuchelewa kwa malipo siwalaumu, hela haitoki mpaka umiliki uhamishwe kwa mnunuzi kwenye makaratasi, na mi mwenyewe sikutaka silaha iliyo kwenye jina langu itembee na mtu mwingine, hiyo nakala ya uhamisho dai, iweke mahali salama.

Mauser bado iko kwao, wameshanishauri nishushe bei, nimekataa kwanza. Ile risasi ya bomba nilimwomba mzee niibebe kama kumbukumbu, akasema hapana, akaiweka kwenye kopo la zile wanazoenda kuziharibu.