Kila Tukio na Mwenyewe: Uhakiki wa Tamthilia ya Andor

Anayekiri hadharani, khasa mbele ya baraza ya watu wazima, kwamba yeye ni mpenzi wa Star Wars hukabiliwa na swali lile lile: vipi mtu mwenye akili zake na familia yake anakesha akiwatazama watu wanaokatana kwa panga za mwanga katika nyota za mbali? Anayeuliza hivyo apewe Andor, kwa kuwa katika sehemu zake zote 24 hakuna hata upanga mmoja wa aina hiyo, wala hakuna anayeokolewa na damu tukufu aliyozaliwa nayo. Kuna makarani, mafundi vyuma, wenye benki, wafungwa, na seneta mmoja mwenye binti wa kuozeshwa.

Tamthilia hii ya televisheni, mojawapo ya hadithi za Star Wars, iliandikwa chini ya uongozi wa Tony Gilroy na ikatoka katika misimu miwili ya sehemu 12 kila mmoja, mwaka 2022 na mwaka 2025. Inasimulia miaka ya mwisho ya Cassian Andor, mwizi mdogo anayegeuka jasusi wa waasi wanaopigana na Dola inayotawala galaksi nzima. Mwisho wake tuliujua kabla ya kuianza, maana katika filamu ya Rogue One ya mwaka 2016 tulimwona Cassian, akiigizwa na huyu huyu Diego Luna, akifa ufukweni baada ya kuiba michoro ya silaha kuu ya Dola. Mwandishi aliyenyimwa siri ya atapona au hatapona amebakiwa na kazi moja, nayo ni kueleza kwa nini, na aliyelelewa kwa ngano anajua kwamba kazi hiyo inatosha, kwani hakuna mtoto aliyewahi kukataa kusimuliwa kisa cha Sungura kwa sababu tu alikwisha kukisikia.

Ninachokisifu zaidi katika Andor ni kwamba kila tukio lina mwenyewe. Jambo linapotokea, unaweza kumnyooshea kidole mtu aliyelisababisha, na ukimtazama vizuri unaona kwamba kwa tabia aliyonayo asingeweza kufanya vinginevyo. Mwanzoni kabisa Cassian anaua walinzi wawili wa kampuni inayotawala eneo lile, mmoja katika purukushani bila ya kukusudia, na wa pili kwa khofu kwamba atamshitaki. Mkuu wa polisi wa kampuni, mzee aliyekwisha kuizoea dunia, anaagiza jambo lizikwe: walinzi walikuwa mahali wasipotakiwa kuwapo, na ripoti ndefu itawavutia wakubwa wa Dola. Ni uamuzi wa mtu mvivu, na una busara yake. Lakini chini yake yupo kijana anayeitwa Syril Karn, ambaye ameipeleka sare yake ya kazi kwa fundi ikatiwe mifuko na kukazwa imkae vizuri, na ambaye hawezi kupata usingizi faili likiwa halijafungwa. Mkuu anasafiri, Syril anaachiwa ofisi, na kila linalofuata linatoka katika sare ile. Anavamia mji wa Ferrix, anakoishi Cassian, na kikosi chake, kikosi kinaaibishwa, kampuni inanyang'anywa madaraka, Dola inakuja yenyewe, na mji wa mafundi waliokuwa wakijiendea na shughuli zao unakaliwa na askari. Nani katika sisi tuliowahi kufanya kazi ofisini hajakaa meza moja na Syril Karn?

Skuli tulikaririshwa kwamba wako wahusika bapa, wasiobadilika, na wahusika duara, wanaobadilika, na mwanafunzi aliyeharakisha angemwandika Syril katika safu ya kwanza. Anaonekana bapa kwa muda mrefu, kisha msimu wa pili unampeleka katika sayari ya Ghorman kama mpelelezi, anagundua kwamba utiifu wake wote umetumika kuandaa maangamizi ya watu asiokuwa na ugomvi nao, na katikati ya mauaji hayo anamwona Cassian, mtu aliyemharibia maisha na ambaye amemwinda kwa miaka. Wanapigana hadi Syril anamwekea bunduki. Cassian anamuuliza yeye ni nani. Hamjui, hajapata kumjua, na adui mkubwa wa maisha ya Syril hakuwa na khabari kwamba Syril yupo duniani. Bunduki inashuka, na anapigwa risasi na mtu mwingine kabla ya kupata jibu la kutoa. Sijaona katika Star Wars yote kifo cha adui kilichoandaliwa kwa uangalifu kama hiki.

Mnyororo mwingine wa sababu unaostahili kufuatwa pete kwa pete ni ule unaotoka wizi wa Aldhani hadi gereza la Narkina. Cassian anakodiwa kusaidia kuiba mishahara ya askari wa Dola, fedha za huko milioni 80, na wizi unafaulu. Dola inajibu kwa kutunga sheria kali inayozidisha vifungo vya makosa madogo. Cassian, akiwa na fungu lake mfukoni, amejificha kwa jina la uongo katika mji wa kitalii wa pwani, wenye hoteli na watu waliovaa kiufukweni (mtazamaji wa Nungwi atatabasamu), anatoka kwenda dukani, na askari anamkamata kwa kumshuku tu. Anahukumiwa miaka 6 kwa jambo asilolifanya, chini ya sheria iliyotungwa kwa jambo alilolifanya. Hakimu hajui, askari hajui, na yeye mwenyewe hawezi kusema.

Gerezani yumo Kino Loy, anayeigizwa na Andy Serkis, mfungwa aliyepewa usimamizi wa wenzake, ambaye utiifu wake wote umesimama juu ya idadi ya siku zilizombakia. Mwandishi mvivu angemgeuza kwa hotuba ya Cassian, lakini hapa kinachomgeuza ni hesabu. Inafahamika kwamba mfungwa aliyemaliza kifungo amerudishwa kwenye ghorofa nyingine ya gereza lile lile, na wafungwa 100 waliokuwa huko wameuliwa ili siri isitoke. Kwa hiyo siku za Kino hazihesabu kitu, na mtu ambaye jana alikuwa mlinzi wa nidhamu leo anaongoza uasi bila ya kubadilika hata chembe: bado ni mtu wa hesabu, ila sasa anaijua iliyo sahihi. Wanapofika ukingoni, bahari chini yao, anasema kwamba hajui kuogelea. Gereza lilionyeshwa kuwa limezungukwa na maji tangu siku ya kwanza, na hata sisi watu wa visiwani hatukufikiria kuuliza.

Kwa mtazamaji wa Zanzibar, hata hivyo, sehemu iliyo karibu kuliko zote ni ya Mon Mothma, seneta anayefadhili uasi kwa siri. Amechota fedha 400,000 za familia, wakaguzi wanakaribia, na mwenye benki pekee anayeweza kuliziba pengo hilo, Davo Sculdun, tajiri mwenye sifa mbaya, hataki faida. Anataka mwanawe akutanishwe na binti wa seneta, Leida, kwa mujibu wa mila za sayari yao za kuozesha watoto mapema. Mon Mothma mwenyewe aliozwa akiwa msichana mdogo na ndoa ile imekuwa baridi tangu hapo. Hadithi nyingi zingemfanya binti alie na mama amtetee. Andor imefanya jambo gumu zaidi: Leida anazipenda mila, anakaa chini na wenziwe kuzisoma, na anamwona mama yake kuwa mtu wa mjini aliyepotea. Katika msimu wa pili arusi inafanyika kwa siku tatu, na kabla ya kufungwa ndoa mama anamnong'oneza binti kwamba bado inawezekana kuacha, na binti anamjibu kwa kejeli inayokata. Nimezisikia kauli za namna hiyo katika nyumba za huku, pande zote mbili, na sikumbuki tamthilia iliyozigawa hoja kwa haki hivi, bila ya kumfanya mmoja wao mjinga. Usiku ule ule mama anafahamu kwamba rafiki yake wa utotoni, aliyekuwa amejua mengi mno, hatarudi salama nyumbani, naye anaingia uwanjani kucheza kama aliyepandwa na pepo. Wageni wanadhani ni furaha ya mama wa bibi arusi.

Tukilinganisha na filamu tatu za Star Wars za mwaka 2015, 2017 na 2019, zilizotengenezwa baada ya Disney kuinunua kampuni ya Lucasfilm mwaka 2012, tunakutana na kinyume cha haya. Ya kwanza na ya tatu aliziongoza J.J. Abrams, ya katikati Rian Johnson, na mtazamaji anahisi wazi kwamba hawakuwa wakisimulia hadithi moja. Rey, shujaa wa filamu hizo, anaambiwa katika ya pili kwamba wazazi wake hawakuwa watu wa maana, jibu lililoniridhisha. Katika ya tatu anageuzwa kuwa mjukuu wa Palpatine, mfalme mwovu aliyetupwa shimoni katika filamu ya mwaka 1983. Palpatine huyo amerudi, na maelezo tunayopewa na mhusika mmoja ni kwamba amerudi kwa namna fulani. Tangazo lake la kurudi, ambalo maandishi ya mwanzo wa filamu yanasema galaksi nzima imelisikia, lilisikika ndani ya mchezo wa kompyuta wa Fortnite, kwa hiyo aliyekata tiketi ya sinema bila ya kuucheza mchezo ule aliingia hadithini akiwa amechelewa. Finn, askari anayekimbia jeshi baada ya kuona mauaji, alikuwa mhusika mwenye kiini kizuri kuliko wote, na kazi aliyopewa hatimaye ni kukimbia huku na huku akiliita jina la Rey. Matukio haya hayana mwenyewe. Yametokea kwa kuwa filamu ilihitaji kumalizika.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, naye alikuwa na mfululizo wake wa riwaya za upelelezi, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale wa mwaka 1960 hadi Kosa la Bwana Msa wa mwaka 1984. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hizo, anapokitoa kiko mdomoni na kuanza kueleza, msomaji anaweza kurudi nyuma akazikuta dalili zimelala pale zilipoachwa, mbele ya macho yake na ya Najum, mwenzake Bwana Msa. Hakuwa na bajeti ya Hollywood, lakini alimheshimu msomaji, na heshima hiyo ndiyo iliyokosekana mwaka 2019.

Pale Jaws Corner, kona ya Mji Mkongwe iliyopewa jina la filamu ya papa, mtu anaweza kukwambia juu ya kikombe cha kahawa kwamba haya yote ni uongo wa watoto, na kwamba kudai mantiki katika hadithi ya vyombo vya angani ni kujitafutia maradhi. Simkubalii. Muujiza haunisumbui, Abunuwasi amejenga nyumba hewani na hatukumshitaki. Kinachosumbua ni hadithi kuweka kanuni yake yenyewe kisha ikaisahau. Katika filamu ya 2017 kiongozi mmoja anakirusha chombo chake kwa kasi ya mwanga na kuipasua manowari kuu ya adui pamoja na vyombo vilivyoifuata. Picha inapendeza mno, ila mara inapokwisha unajiuliza kwa nini hakuna aliyefanya hivyo katika vita vyote vya nyuma, na filamu iliyofuata ikalijibu swali hilo kwa sentensi moja ya kulikimbia.

Andor nayo haikutoka safi. Dada yake Cassian, anayetafutwa katika dakika za mwanzo kabisa na ambaye ndiye chanzo cha yote, anaachwa njiani. Tunaambiwa asitafutwe tena, na mwishoni anapewa ndoto fupi isiyotosha. Msimu wa pili unaruka mwaka mzima kila baada ya sehemu tatu, na yapo mapenzi na vifo, kile cha Cinta, mmoja wa waasi, khasa, vinavyopita kabla ya kupata uzito wake. Lililoniudhi zaidi ni Bix, mpenzi wake Cassian, kumwacha kwa ujumbe uliorekodiwa, eti ili asiuache uasi kwa ajili yake. Rogue One inamtaka Cassian awe peke yake, kwa hiyo mwanamke akaondolewa, na mkono wa mwandishi ukaonekana. Mtoto anayeonyeshwa mwishoni mikononi mwa Bix hakulitengeneza kosa hilo.

Kwa anayetaka kuanza: sehemu tatu za mwanzo zinakwenda taratibu na zitazamwe kwa mkupuo mmoja, kama filamu. Mazungumzo ni mengi na ya chini, kwa hiyo chagua yenye maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, na epuka kuitazama penye kelele. Sebuleni mbele ya wazee na watoto haifai yote: inaanzia katika danguro, yamo mateso ya kuhojiwa katika msimu wa kwanza, na sehemu ya tatu ya msimu wa pili ina askari anayejaribu kumbaka mwanamke.

Baada ya hapo itazame Rogue One, hata kama uliiona zamani. Karibu na mwanzo wake Cassian anamuua mtoa khabari wake mwenyewe, mtu mwenye mkono mbovu asiyeweza kupanda ukuta kukimbia askari. Mwaka 2016 niliuona ukatili huo kuwa njia ya haraka ya kutuambia kwamba jasusi huyu ni mgumu. Sasa nyuma ya risasi ile yupo mlinzi wa kampuni aliyeuliwa kwa khofu, na yupo Skeen, mwenzake wa Aldhani, ambaye Cassian alimpiga risasi kwa kuwa alitaka kuwaibia wengine, na filamu ya zamani imepata sababu ambayo ilipotengenezwa haikuwa nayo.