Peoni ya majani au peoni ya mti?

Peoni ni mmea wa bustani wenye maua makubwa. Aina zote mbili zinataka baridi ya wiki kadhaa ndipo zichanue, kwa hiyo wa Mombasa na Dar msihangaike. Uchaguzi huu ni wa anayeishi Toronto, Berlin au Minneapolis.

Peoni ya majani hunyauka yote juu ya ardhi kila majira ya baridi, nawe unaikata hadi usawa wa udongo. Ya mti ni kichaka chenye matawi magumu. Ukiikata hivyo, umekata na maua ya mwaka ujao.

Wengi hukosea kwenye kina. Ya majani hupandwa juujuu: machipukizi mekundu ya mzizini yafunikwe kwa udongo wa sentimita 3 hadi 5 tu. Ukizidisha, utapata majani mazuri ajabu bila ua, miaka nenda rudi. Ya mti kwa kawaida hubebeshwa, yaani tawi lake huunganishwa na mzizi wa ile ya majani, basi pale vilipoungana pakae sentimita 10 hadi 15 chini, tawi liote mizizi yake lenyewe. Panda Septemba au Oktoba.

Kwa maua ya kukata, ya majani inashinda, ingawa yenye maua mazito huinama hadi chini mvua ikinyesha usipoiwekea waya wa kuishikilia. (Sisimizi kwenye vitumba waache, hawadhuru.) Ya mti ndiyo fahari ya Luoyang, China, mji unaofurika wageni kila Aprili. Lakini ni ghali na hukua taratibu. Kwenye nyumba ya kupanga nisingeiweka. Ya majani angalau unaichimbua ukahama nayo.