Kukata faili kubwa la CSV kwa amri ya split: uzoefu wangu

Hapa Mbale, Uganda, tunapokea kumbukumbu za manunuzi ya kahawa kutoka vituo vya Bugisu na Sebei, zote zimerundikwa kwenye faili moja la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambamo koma hutenganisha data. Excel mwisho wake ni safu mlalo 1,048,576. Zikizidi hapo inakupa onyo fupi, unabonyeza OK kwa mazoea, kisha uki-save juu ya faili lile lile, wakulima wa mkiani ndio wamekwenda hivyo.

Ndiyo maana nikahamia split, amri inayokata faili kuwa vipande. Kwenye Linux imo tayari, na wenye Windows wanaipata wakiweka Git Bash, programu inayowaletea amri za namna ya Linux. Hulipii hata shilingi.

Kwa kasi sina la kulalamika. Haipakii faili zima kwenye RAM, inasoma na kukata huku ikiendelea, kwa hiyo laptopu ya GB 4 haigandi. Naandika hivi:

split -l 500000 -d --additional-suffix=.csv kahawa.csv sehemu_

Zinatoka sehemu_00.csv, sehemu_01.csv na kuendelea. Usipotaja idadi ya mistari, inakata kila baada ya 1,000 na kuviita vipande xaa, xab, xac. Folda inageuka jalala.

Ila CSV haiijui; inachohesabu ni mistari tu. Majina ya safu wima yanabaki kwenye kipande cha kwanza, na mhasibu anayepokea sehemu_03 anakupigia simu: hii 8500 ni kilo au shilingi? Dawa yake ni skripti fupi: head -n 1 inaweka kando mstari wa majina, tail -n +2 inaipelekea split yaliyobaki, halafu kitanzi cha for kinaubandika mstari ule juu ya kila kipande. Hili lingekuwa chaguo ndani ya split yenyewe, kwa kweli.

Kero inayoniudhi zaidi ni safu wima ya maelezo. Karani akiandika “imenyeshewa”, akabonyeza Enter, akaongeza “alipwe Jumatatu”, rekodi moja imekuwa mistari miwili, na kisu kinaweza kupita katikati yake. Mafaili yenye maelezo ya namna hiyo nayapitisha kwenye moduli ya csv ya lugha ya programu ya Python, inayotambua kuwa maelezo yaliyo ndani ya alama za nukuu ni kitu kimoja hata yakiwa na mistari miwili. Inachukua muda zaidi, lakini rekodi zinatoka nzima.

Naipa nyota nne. Kabla ya kutuma vipande, piga wc -l, amri inayohesabu mistari: jumla ya mistari yake, ukitoa mstari wa majina wa kila kipande, ilingane na ya faili mama ukitoa mstari wake mmoja wa majina.